Kushoto Mara Mbili, Kulia Mara Moja

Ngoma yetu haina ngoma.
Haina zumari, haina kinubi. Ina koo za watu,
ina sakafu ya mbao na soli za viatu,
na kanuni ambayo mtoto wa Klaksvík
huijua kabla hajajua kufunga kamba:
kushoto mara mbili, kulia mara moja,
na mkono usiuachie.

Mwaka huu mikono iko mbali.
Rannvá yuko Aarhus, ghorofa ya nne, anasomea ukunga.
Sunnvá yuko Aberdeen. Eyðun yuko Sandoy,
kisiwa cha jirani tu, lakini mamaye hawezi kuachwa.
Høgni ni fundi umeme kwenye kambi ya ujenzi, Greenland,
ambako mtandao huingia bila hodi
na kutoka bila kwaheri.
Nami niko jikoni kwangu Tórshavn, meza nimeiegemeza ukutani,
napanga ndani ya visanduku vitano
kitu kilichozaliwa duara.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu.
Nilisema "Kushoto!" Wawili wakaenda kushoto kwao,
mmoja akaenda kushoto kwangu,
na Eyðun, aliyekuwa akijitazama, akaligonga kabati.
Tukaimba. Sauti ya Sunnvá ilifika nusu mstari nyuma,
ya Høgni imekatwakatwa kama kitunguu.
Kila aliyekohoa, visanduku vilihama,
hata hujui tena jirani yako nani.
Nikafunga kompyuta nikaosha vyombo
vilivyokuwa safi.

Mkono mtupu haulambwi, sawa.
Lakini je, hushikwa?

Nikaanza kupunguza.
Hatua ya kulia nikaifanya nusu, maana chumba cha Rannvá
ni mita mbili na kitanda.
Neno "kushoto" nikalifuta; nikasema "dirishani",
na kila mtu akageuza chumba chake
mpaka dirisha likawa upande mmoja na la wenzake.
Kishindo kilinitesa wiki nzima.
Chini ya Rannvá anaishi mzee Kjeldsen, mlinzi wa usiku,
ambaye jioni ndiyo alfajiri yake.
Basi acheze na soksi juu ya blanketi,
kishindo akipige kwa mabega.
Alipojaribu, nilikiona kikishuka mgongoni mwake
hadi mahali ambapo sauti ingekuwepo.

Ule ucheleweshaji, sikuupigania tena.
Niliutia ndani ya mchezo.
Nikawaambia: msinisikilize. Tazameni.
Bega la mwenzio likisogea, ndipo nawe usogee,
na kiganja kitoke nje ya fremu, kibaki huko,
hata kikichoka, hata kikijiona kipumbavu.
Hatua ikaanza kupita kutoka chumba hadi chumba
jinsi upepo unavyopita juu ya mapaa yetu ya nyasi:
jani moja haliinami pamoja na lingine,
lakini ni upepo uleule.

Usiku wa onyesho, katika ubeti wa kumi na tisa,
Høgni aliganda.
Mdomo wazi kwenye irabu, jicho moja limefumba,
mkono umenyooshwa kuelekea ukingoni.
Sikusimamisha. Sijui kwa nini sikusimamisha.
Rannvá, kwenye kisanduku cha kando yake,
hakukiondoa kiganja.
Tukamzunguka aliyesimama,
sekunde arobaini, hamsini, sikuhesabu vizuri,
mpaka akarudi kwa mruko, beti mbili nyuma, akitabasamu,
kumbe kule kwake hakuwahi kusimama:
sisi ndio tulioganda.

Mzee Kjeldsen aligonga dari kwa ufagio, mara tatu.
Sitadai kwamba alifuata mpigo.

Asubuhi niliirudisha meza mahali pake.
Utepe mwekundu bado umebaki sakafuni, mbele ya jiko.
Bega langu la upande wa dirisha liliuma
kama la mtu aliyevutwa.
Nikamwandikia Høgni. Jibu likaja adhuhuri,
limechelewa kama kawaida:
Langu pia.